Kifua cha Idi Amin

Chini ya kitanda changu hosteli kuna kopo la Blue Band, lile la kilo moja, na ndani yake kuna beji na medali kumi na saba. Wenzangu wa chumba wanalijua. Mwanzoni walidhani naficha hela ya bumu, wakalifungua, wakamkuta Lenin na upara wake anawatazama.

Mali hii imenifikia kwa urithi. Mjomba wangu, mtu wa Busale kule Kyela, alisomea uhandisi Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 80. Alirudi na shahada, koti zito ambalo kwa joto la Kyela halijawahi kupata kazi, na kopo la vyuma. Wakati anaondoka Moscow nchi ile ilikuwa inavunjika, wazee wamesimama barabarani wanauza medali zao wapate hela ya mkate. Mjomba alinunua chache, nadhani kwa huruma zaidi kuliko kwa mapenzi. Alipoona mpwa wake anazichezea kila likizo akaniachia.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya rangi ya fedha iliyofifia, ina nyundo na mundu na miali ya jua nyuma yake. Ni medali ya Mkongwe wa Kazi. Ilianzishwa mwaka 1974 wapewe watu waliofanya kazi miaka mingi: mwendesha mashine, mwalimu, nesi. Walipewa mamilioni, kwa hiyo sokoni haina bei. Wakusanyaji wenye hela zao wanakimbilia Nishani ya Lenin, kwa kuwa ina dhahabu na platini ndani yake, au Nyota ya Dhahabu ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Mimi na bumu langu tunabaki na wakongwe wa kazi.

Ukishika vitu hivi kwa muda mrefu unapata ugonjwa mmoja. Ukiona picha ya mtu aliyevaa sare huangalii uso, unaangalia kifua. Hii ni ya nini? Kaipata wapi? Nani alimpa? Ugonjwa huo ndio ulionifikisha kwa Idi Amin Dada.

Sote tumemsikia tukiwa watoto. Kwetu jina lake lilikuwa la kutishia mtoto asiyetaka kulala. Halafu tukakua, tukakutana naye kwenye filamu na kwenye vichekesho vya mtandaoni, jitu kubwa linalocheka na kupiga kodiani. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala lilifanya maonyesho ya picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali yake, kutoka kwenye hazina ya negativu kama 70,000 zilizokaa miaka mingi kwenye makabati ya shirika la utangazaji. Ukiziangalia kwa jicho la mkusanyaji, mwaka baada ya mwaka, unaona kitu kimoja kinakua. Uso unanenepa kidogo tu. Kifua ndicho kinachojaa.

Alizaliwa karibu mwaka 1925, Koboko kaskazini-magharibi mwa Uganda kwa wasemao hivyo, Kampala kwa wengine. Baba Mkakwa, mama Mlugbara, na baba aliondoka mapema. Shule aliipitia juu juu. Mwaka 1946 aliingia King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, na kumbukumbu za jeshi zinasema aliingia kama msaidizi wa mpishi.

Huo mwaka ushike, 1946. Baadaye Amin alidai kwamba alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Vita vya Burma vilikwisha 1945. Askari wa Afrika Mashariki kweli walikwenda kule, Divisheni ya 11 ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika na malaria, na miongoni mwao walikuwemo vijana wengi wa Tanganyika. Walirudi na medali iitwayo Burma Star, nyota ya shaba yenye ncha sita. Amin wakati huo alikuwa hata hajafika jikoni.

Kinachonisumbua ni kwamba mtu huyu hakuwa na haja ya kudanganya. Hebu tuhesabu alivyovipata kwa jasho. Kuanzia 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, uzito wa kati kuelekea juu. Miaka tisa bingwa, si mchezo. Alikuwa mkimbiaji, alicheza raga na maofisa Wazungu. Alipelekwa Somalia kupambana na mashifta, kisha Kenya wakati wa Mau Mau, na huko akapandishwa cheo hadi sajini. Serikali ya Uingereza ilikuwa na medali kwa ajili ya askari waliopigana Kenya kati ya 1952 na 1956, ambayo ni Africa General Service Medal yenye kibao kidogo cha Kenya juu ya utepe. Hiyo alistahili. Kama tunaipenda vita ile au hatuipendi ni mjadala mwingine, na mimi siipendi, lakini kwa kanuni za jeshi lake alistahili.

Mwaka 1959 akapewa cheo cha effendi. Neno hili lina safari ndefu: ni cheo cha heshima cha Waturuki, likapita Misri na Sudan, likaingia Keya, na kwetu likawa afande, ambalo leo tunamwita hata mlinzi wa geti la chuo ili aturuhusu kuingia usiku. Kwa Mwafrika wa wakati ule effendi ndiyo ilikuwa dari. Juu yake walikaa Wazungu. Mwaka 1961 dari likatobolewa, Amin akawa luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupata uofisa kamili. Mtoto wa Koboko asiye na cheti, amefika hapo kwa ngumi, miguu na utii.

Sasa utii wake ulikuwa wa namna gani, hilo lilionekana mapema mwaka uliofuata. Kikosi chake kilitumwa mpakani kuzuia wizi wa mifugo wa Waturkana. Kikaacha nyuma maiti za watu waliopigwa na kuteswa. Waingereza wakajadili kumshtaki. Uhuru wa Uganda ulikuwa umebakiza miezi, Waziri Mkuu Milton Obote akaulizwa, akashauri asishtakiwe. Ofisa Mwafrika mmoja kati ya wawili, afungwe siku chache kabla ya sherehe? Wakamwonya, yakaisha.

Obote akamtumia. Mei 1966 Amin aliongoza jeshi kuvamia kasri la Kabaka pale Mengo, na Kabaka akakimbilia uhamishoni. Kufikia 1970 Amin alikuwa mkuu wa majeshi yote. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akachukua nchi. Watu walicheza barabarani Kampala. London na Tel Aviv nao walifurahi, maana walimwona kama kijana wao.

Na hapa ndipo kifua kinapoanza kupendeza mkusanyaji. Kwenye picha za miaka hiyo, juu ya mfuko wa sare yake, kuna mabawa ya askari wa miavuli wa Israeli. Waisraeli walikuwa wamelifundisha jeshi la Uganda na yeye mwenyewe alipitia kwao. Machi 1972 akavunja uhusiano na Israeli, akawafukuza wote, akahamia upande wa Gaddafi. Mabawa hakuyavua. Aliendelea kuyavaa kwa miaka, kama mtu aliyemwacha mke akabaki na pete kwa sababu inang'aa.

Agosti mwaka huohuo akawapa Waasia siku 90 waondoke. Uingereza ikakata misaada. Silaha zikaanza kuja kutoka Umoja wa Kisovieti: ndege za MiG, vifaru, magari ya deraya. Ukitaka kumwelewa Amin wa miaka ile mweke kando ya rafiki yake mpya wa Moscow, Leonid Brezhnev. Wawili hawa walikuwa na ugonjwa mmoja. Brezhnev alijilimbikizia nishani zaidi ya mia moja, za kwake na za nchi rafiki. Alikuwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti mara nne. Februari 1978 akavishwa Nishani ya Ushindi, ya platini, almasi na yakuti, ambayo kwa kanuni zake walitakiwa kupewa majemadari walioongoza majeshi makubwa na kugeuza mwelekeo wa vita. Vitani Brezhnev alikuwa ofisa wa siasa. Alikufa 1982, na mwaka 1989 serikali yake mwenyewe ikaifuta nishani ile.

Lakini kuna tofauti. Brezhnev alihitaji kikao. Watu wazima walikaa mezani, wakainua mikono, wakasaini karatasi, halafu ndipo uongo ukabandikwa kifuani. Amin alifupisha safari. Alijipa mwenyewe.

Tuanze na VC. Victoria Cross ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, iliyoanzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856 vita vya Crimea vikielekea ukingoni. Ni msalaba mdogo wa shaba, hauna almasi wala dhahabu, na simulizi ya siku nyingi husema shaba yake ilitoka kwenye mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Katika Keya, Sajini Nigel Leakey aliipata. Alikuwa mwana wa walowezi wa Kenya, lakini kikosi chake, cha 1/6, kilikuwa cha Tanganyika, yaani aliokuwa nao bega kwa bega walikuwa watu wa kwetu. Tarehe 19 Mei 1941 pale Colito, Ethiopia, vifaru vya Waitaliano viliwatokea kwa nyuma. Leakey akarukia juu ya kifaru kimojawapo, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwa ndani. Akaenda kwa kingine. Maiti yake haikupatikana kamwe. Msalaba wake ulitangazwa mwaka 1945.

Amin naye akawa na VC. Herufi zilezile, ila ya kwake iliitwa Victorious Cross, Msalaba wa Mshindi. Akaongeza DSO na MC, nishani nyingine mbili za Waingereza wapiganaji, ambazo hakuna Mwingereza aliyempa. Julai 1975 Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za OAU na yeye ndiye mwenyekiti mpya. Kwa ajili ya wageni alijipandisha cheo kuwa fildimashali. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusia. Waliokwenda walimwona mwenyeji wao akiingia kwenye sherehe amebebwa kitini mabegani mwa Wazungu wanne, wakazi wa Uganda. Nakiri picha hiyo ina utamu wake kwa mtu aliyesoma historia ya ukoloni, na yeye alijua hivyo. Alikuwa na akili ya jukwaa.

Mwaka uliofuata wakaja Waisraeli kudai mabawa yao, kwa namna ya kusema. Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikaletwa Entebbe, abiria zaidi ya mia wakazuiliwa. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomandoo wa Israeli wakatua, wakawachukua mateka, wakalipua ndege za MiG uwanjani, na askari wengi wa Uganda wakauawa. Bibi mmoja mateka, Dora Bloch, alikuwa amelazwa hospitali ya Mulago. Akatolewa kitandani akauawa. Alikuwa na uraia wa Uingereza. Julai hiyohiyo Uingereza ikavunja uhusiano na Uganda.

Mtu mwingine angeona ni aibu. Amin aliona ushindi: Waingereza wamekimbia, kwa hiyo kawashinda. Akajitunuku CBE. Kwa Waingereza herufi hizo ni Kamanda wa Dola ya Uingereza. Kwake C ikageuka kuwa Mshindi wa Dola ya Uingereza. Ukisoma jina lake kamili la wakati huo unahitaji kupumua katikati: Mtukufu Rais wa Maisha, Fildimashali, Alhaji, Daktari, na kuendelea hadi kwenye wanyama wa nchi kavu na samaki wa baharini.

Hapo kwenye Daktari wasomaji wa jarida hili tusimame kidogo. Ni udaktari wa sheria, kutoka Makerere, na kama rais alikuwa Mkuu wa chuo hicho. Wenzetu wa Makerere wa wakati ule walikuwa na Makamu Mkuu wa chuo aliyeitwa Frank Kalimuzo. Oktoba 1972 watu wa Amin walimchukua, na hakurudi. Mwezi uliotangulia walikuwa wamemchukua Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, kutoka ndani ya Mahakama Kuu, mchana. Udaktari wa sheria alijipa mtu ambaye wanajeshi wake walimtoa Jaji Mkuu ofisini. Februari 1977 ikawa zamu ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Idadi ya wote waliouawa haina makubaliano. Makadirio yanaanzia makumi ya maelfu hadi 300,000 na zaidi.

Kwa nini basi medali? Niliwahi kuliuliza hili darasani na jibu likawa kwamba alikuwa kichaa. Jibu hilo naliona la uvivu. Kwetu kando ya Ziwa Nyasa tunazijua medali za kujivisha, na hatuziiti kichaa. Ukivuka mto Songwe ukaingia Karonga utakuta malipenga. Ukipanda meli Itungi ukashuka Manda, Liuli au Mbamba Bay utakuta mganda. Wanaume wamevaa kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, soksi ndefu, filimbi mdomoni, wanakwenda hatua moja kama gwaride. Ndani ya kikundi kuna vyeo, na zamani vilikuwa vingi kweli: mfalme, gavana, jenerali, daktari. Ni ukoo mmoja na beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani, ikaenezwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 60, aliiandikia kitabu kizima. Watu walioamrishwa kutwa nzima na Wazungu wenye nyota mabegani walirudi jioni, wakajitengenezea nyota zao, wakaamrishana wenyewe. Kila mtu alijua ni ngoma. Ngoma ikiisha jenerali anarudi kupalilia mpunga.

Amin alikulia kwenye jeshi lililozaa ngoma hizo. Alikaa miaka kumi na mitano chini ya watu waliobeba herufi nyuma ya majina yao, VC, DSO, MC, CBE, na aliona jinsi mlango unavyofunguka mbele ya herufi. Hili ndilo ninaloliamini juu yake, na wanahistoria wanisahihishe: aliamini herufi ndizo zilizowapa Wazungu nguvu. Akazichukua. Tofauti na jenerali wa mganda, ngoma yake haikuwa na jioni ya kuisha, na askari waliomsikiliza walikuwa na risasi za kweli. (Na sisi wenye serikali ya wanafunzi, ambamo kijana wa mwaka wa pili anaitwa Mheshimiwa Waziri na anakasirika ukimwita jina lake, tusicheke sana.)

Askari wenyewe hakuwalipa kwa medali. Kila wiki ndege ilitoka Stansted, Uingereza, ikitua Entebbe na shehena ya wiski, redio, saa na vitu vya anasa, vigawiwe kwa maofisa. Fildimashali alijua vizuri kipi ni utepe na kipi ni mshahara.

Oktoba 30, 1978, majeshi yake yalivuka mpaka yakaingia Kagera. Akatangaza kwamba ardhi ya Tanzania hadi mto Kagera, kilometa za mraba zipatazo 1,800, sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa. Novemba 2 Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga. Jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Ndani ya wiki chache, pamoja na mgambo, likapita 100,000.

Kutoka Kyela walikwenda pia. Kutoka Nyasa hadi Viktoria ni pembe moja ya nchi hadi pembe nyingine. Kijijini kwetu Busale yuko babu mmoja aliyekuwa mgambo, mkulima wa mpunga, akaitwa akaacha mpunga shambani haujavunwa. Alikuwa hajawahi kuona kifaru. Kilichomshangaza zaidi, anasema, ni kwamba silaha za pande zote mbili zilikuwa ndugu. Vifaru vya Amin vilitoka kwa Warusi. Yale makombora yetu ya kufyatuliwa kwa mkupuo kutoka kwenye lori, ambayo adui aliyaogopa kama radi na watu wakayaita Saba Saba, nayo yalitoka kwa Warusi. Hata ndege ya Libya iliyotumwa kupiga Mwanza ilikuwa ya Warusi. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala.

Masaka ilitekwa Februari 1979. Machi yakaja mapigano ya Lukaya, kwenye barabara iliyopita katikati ya kinamasi, ambako Walibya walikuja kumsaidia Amin na wengi wao wakafia pale. Babu alikuwepo. Kuhusu Lukaya huwa anasema maneno machache halafu anauliza kama mvua itanyesha. Entebbe ikaanguka Aprili 7, Kampala Aprili 11.

Babu ana medali ya vita hivyo. Inakaa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya chama, kadi ya kliniki ya marehemu mkewe na risiti za kakao. Utepe umeliwa na mende upande mmoja. Huitoa Julai 25, Siku ya Mashujaa, redio ikiwa imewashwa, anaipangusa, anairudisha. Kuna mtu alishafika kutoka mjini akitaka kununua medali za wazee. Huko nje, alisema, kuna wapenzi wa vitu hivi. Wapo waliouza. Kwa mzee mwenye paa linalovuja sithubutu kumlaumu.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwenda na kopo langu, sikatai, na noti mbili tatu za bumu mfukoni. Sikuzitoa. Babu aliomba kuona nilichonacho, nikamwaga vitu kwenye mkeka. Akaipita nyota ya rangi, akampita Lenin, akaishika ile ya Mkongwe wa Kazi. Akauliza mwenyewe ni nani. Nikamwambia sijui, ni mtu fulani wa huko aliyefanya kazi miaka mingi, akauza. Akaishika muda, akaniuliza kama nimeliandika jina la mjomba aliyeileta, angalau hilo. Sasa limo, kwenye karatasi, ndani ya kopo.

Kisha akanitajia watu watano wa upande ule wa Kyela waliokwenda naye. Wawili walirudi. Hao watatu wengine hawakuvaa chochote.

Mwalimu, aliyeongoza vita vile, alikufa 1999 bila kuvaa sare ya jenerali hata siku moja. Nishani alipewa nyingi, na Wasovieti walimpa Tuzo ya Amani ya Lenin ya mwaka 1985 hadi 1986. Tuzo hiyo ina kisa chake: ilianzishwa 1949 ikiitwa ya Stalin, na Stalin alipoanguka heshima baada ya kufa, waliokwisha kuipokea walitakiwa kurudisha medali zenye sura yake wabadilishiwe zenye sura ya Lenin. Mkusanyaji akiona ya Stalin sokoni anatetemeka.

Amin alikimbilia Libya, baadaye Saudi Arabia, ambako serikali ilimpa nyumba Jeddah na posho, kwa sharti la kukaa kimya. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kupitia Zaire. Akatambulika uwanja wa ndege wa Kinshasa, akarudishwa. Waliomwona Jeddah walimkuta mzee mkubwa wa mwili aliyevaa kanzu, ananunua vitu dukani, anakwenda kuogelea na kuvua samaki. Julai 2003 figo zilishindwa, akaingia kwenye usingizi wa mahututi. Familia ikaomba afe nyumbani. Rais Museveni akajibu kwamba akirudi atajibu kwa aliyoyatenda. Alikufa Agosti 16, 2003, akazikwa siku hiyohiyo katika makaburi ya Ruwais, Jeddah, kwa sanda nyeupe na watu wachache.